Jina Aliloliuliza Kila Asubuhi

Mwaka wa tisini na tisa, mjini Shinyanga, mtu akitaka kujua jambo la mbali alikwenda kwa Paskalia. Duka lilikuwa la Mzee Champaklal, kompyuta ilikuwa ya Mzee Champaklal, na hata laini ya simu iliyopiga Mwanza kuutafuta mtandao ilikuwa ya Mzee Champaklal. Lakini watu walisema "nakwenda kumuuliza Paskalia," kana kwamba majibu yote ya dunia yalikuwa yamelala kichwani mwake. Naye hakuwasahihisha. Ungekuwa wewe, ungewasahihisha?

Alikuwa amepiga taipu miaka kumi na miwili kwenye baraza ya duka lile kabla ya mashine mpya kuja. Barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, mihtasari ya vikao vya chama cha ushirika, zote zilipita mikononi mwake. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na mdomo wake mzito, na huo mdomo ndio uliomletea wateja. Kompyuta ilipowekwa chumba cha ndani, nyuma ya rafu za madaftari, wateja wakamfuata humo.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Mteja aliandika swali lake kwenye kikaratasi, kwa sababu hakuna aliyependa kulitamka kwa sauti. Paskalia alikisoma kimya, akaligeuza kwa Kiingereza chake cha ukarani, akaliingiza kwenye mashine, kisha wote wawili wakasubiri laini ikate au isikate. Jibu likija alilichapa kwa Kiswahili na kulikunja mara mbili. Kikaratasi cha swali alikitundika kwenye msumari ukutani, maandishi yakitazama ukuta, na jioni kabla ya kufunga duka vyote vilitiwa moto kwenye debe uani. Kulikuwa na mwalimu aliyekuwa na uvimbe shingoni ambao hajamwonyesha mkewe. Kulikuwa na mzee wa Mhunze aliyetaka kujua kama mtoto aliyekwenda kufanya kazi melini miaka tisa iliyopita anaweza kuhesabiwa amekufa. Paskalia aliyajua hayo yote na hakumwambia hata mumewe.

Mumewe kwanza alikuwa wapi hata aambiwe? Maduhu alikuwa Katoro, njia ya Geita, ana fungu lake katika duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Alirudi nyumbani Pasaka na Krismasi, na mara nyingine kama kuna msiba. Miezi mingine alileta barua. Na hizo barua ndizo zilizomwondolea Paskalia usingizi.

Zilikuwa barua nzuri mno. Tangu miaka miwili nyuma zilianza kufika zikiwa na mwandiko wa mviringo, ulioegemea kulia kidogo, usio na kufutafuta. Mtu aliyekaa na maandishi ya watu miaka kumi na miwili hadanganyiki: ule ulikuwa mwandiko wa mwanamke. Na kama vile hilo halitoshi, chini kabisa, baada ya salamu za mume, palikuwa na mstari mwingine: "Nami mwandishi wa barua hii, Scolastika, nakusalimu."

Ni desturi ya kale, kila mtu anaijua. Anayemwandikia mwenzake barua hutia na salamu yake mwishoni, ni adabu tu, kama anayebeba mzigo wa mtu kupiga hodi mlangoni. Paskalia aliijua desturi hiyo kuliko wengi. Lakini wivu haujali desturi. Aliusoma ule mstari mara ya kwanza akacheka kidogo, mara ya pili hakucheka, mara ya tatu akauziba kwa kidole gumba ili asome barua bila kuuona. Anisalimu mimi kama nani, alijiuliza. Tulikutana wapi?

Kilichomchoma zaidi ni maneno yenyewe. Maduhu aliyemjua yeye alikuwa mtu wa "ugali upo?" na "mvua imenyesha?" Lakini Maduhu wa kwenye barua aliandika hivi, mwezi wa kumi na moja: "Nikijilaza huku nasikia taipu yako ikigonga kichwani mwangu kama mvua ya kwanza juu ya bati, nami napata usingizi." Paskalia alilisoma neno hilo akiwa amesimama jikoni, akakaa chini kwenye kinu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo kama hilo tangu azaliwe. Na lilikuwa limepita kwanza masikioni mwa mwanamke mwingine, likashuka kwenye mkono wake, likakaa kwenye wino wake, ndipo likamfikia yeye mwenyewe. Alilipenda na akalichukia kwa wakati mmoja, na tangu siku hiyo akawa haumwi na kitu kingine.

Kumwuliza Maduhu hakumwuliza. Pasaka alipokuja alimkuta mkewe amenuna, akadhani ni uchovu wa kazi, akatengeneza paa la banda la kuku na kurudi zake Katoro. Wanaume wengine wana bahati ya kutoona.

Sasa, Umesh. Umesh alikuwa mtoto wa Mzee Champaklal, kijana aliyesomea mambo hayo Dar es Salaam, na ndiye aliyeifunga kompyuta. Mara baada ya Pasaka alimwita Paskalia amwonyeshe jambo. Kulikuwa na kurasa mbili za kutafutia, na ilibidi mmoja uwekwe uwe unafunguka wenyewe kila laini inaposhika. Wa kwanza ulikuwa na picha ya tochi juu, na jina la Kiingereza ambalo hakuna mteja aliyeweza kulitamka, kwa hiyo wote waliuita Tochi. Wa pili haukuwa na kitu ila kisanduku cha kuandikia katikati ya weupe mtupu, nao wakauita Mweupe.

Umesh alimweleza taratibu. Tochi hukumbuka. Kila unachomwuliza hukiandika, hapa kwenye mashine na kule kwao alikotoka, na pembeni mwa kioo huweka orodha ya maswali yaliyopita, lile linaloulizwa mara nyingi likipanda juu ya mengine. Ukimwuliza jambo lilelile tena anatambua, anakuletea kwanza kilichoongezeka tangu jana. Mweupe hana hayo. Ukishafunga, amesahau kama uliwahi kuwepo.

"Mimi ningeweka Mweupe," Umesh alisema. "Dada, watu wanakuletea siri zao hapa. Kwa nini akumbuke?"

Paskalia akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja: je, mtu akimwuliza Tochi jina la mtu kila siku, Tochi atamwambia siku jina hilo likitokea mahali? Umesh akasema ndiyo, hiyo ndiyo kazi yake.

"Basi weka Tochi," alisema Paskalia. "Laini ya Mwanza ni ya shida. Maswali yanajirudia, tutapunguza muda."

Sababu ilikuwa nzuri, ya kazi kabisa, na ilikuwa uongo. Umesh akasita. Akamkumbusha kwamba wateja husimama nyuma yake, na orodha ile iko wazi. Hili lilikuwa kweli, maana mteja wa Shinyanga hakubali kukaa kwenye benchi wakati swali lake linaingizwa. Atasimama begani pako aone kwa macho yake mwenyewe kwamba umeandika lake na si la mwingine. Paskalia akajibu kwamba kila mtu hutazama la kwake tu, tena orodha yote ni Kiingereza, nani atasoma? Mzee Champaklal, aliyekuwa akihesabu rimu za karatasi pale mlangoni, akasema anayekaa kwenye kiti ndiye achague. Tochi akawekwa.

Kesho yake, kabla mteja hajafika, Paskalia alipiga laini, akangoja milio yake ya kukwaruza iishe, akaandika: Scolastika Katoro.

Tochi akaleta nyumba za watawa, za nchi ambazo hata kwenye ramani ya shule ya msingi hazikuwemo. Inaelekea kulikuwa na mtakatifu wa jina hilo na dunia nzima ilikuwa imemjengea. Kuhusu mwanamke wa Katoro mwenye mwandiko wa mviringo, hakuna. Paskalia akafunga. Siku ya pili akauliza tena. Siku ya tatu tena. Alijua, akili yake nzima ilijua, kwamba mwanamke wa Katoro hawezi kuwa mle ndani, kwamba Katoro nzima haikuwa na kompyuta hata moja ya kumweka mtu humo. Lakini uliza mtu yeyote aliyewahi kushikwa na wivu kama akili yake ilimsaidia. Ikawa ndiyo sala yake ya asubuhi. Anafungua dirisha, anafuta vumbi la kioo, anauliza lile jina, anapata watawa, ndipo roho inatulia hadi kesho.

Na alimwumba. Katika miezi ile Paskalia alimtengenezea Scolastika uso, hereni za dhahabu, kiuno, na kicheko cha puani. Alimvisha kitenge kipya kila wiki. Jioni akichuja maziwa aliwaona wawili hao kwenye meza moja, kichwa na kichwa, Maduhu akitafuta neno, yule akimtilia mdomoni. Hakumwona akimwandikia yeye Paskalia. Alimwona akiandika, basi.

Wakati huohuo wateja wakaanza kupungua. Mwalimu mwenye uvimbe hakurudi kuchukua jibu la pili. Mzee wa Mhunze alifika mlangoni, akachungulia, akanunua kalamu akaondoka. Waliokuja walikuja na maswali ya bei ya pamba na matokeo ya mpira, mambo ambayo mtu huweza kuyasema sokoni. Paskalia aliona, akasema ni kwa sababu pamba haijalipwa. Kila jioni aliendelea kutia moto vikaratasi kwenye debe, akivigeuza kwa kijiti mpaka jivu la mwisho, huku ndani ya chumba orodha ikiwa imekaa pale pembeni mwa kioo, na juu yake, juu ya uvimbe na meli na magonjwa ya watu, mstari pekee ambao mtu yeyote aliyefika darasa la pili angeweza kuusoma bila kujua Kiingereza hata neno.

Hakuwahi kuuhesabu. Hilo ndilo kosa lake, na mtu mwingine asingelifanya. Miaka kumi na miwili alikuwa ameshika maswali ya watu, akayalinda kama mayai. La kwake mwenyewe halikumjia akilini kuwa ni swali.

Ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa nane. Upepo wa kiangazi ulikuwa umejaza vumbi hadi kwenye rafu, na Umesh yuko mbele anauza bahasha. Mwanamke akapita katikati ya madaftari, akaingia chumba cha ndani, akasema habari za mchana. Paskalia akajibu nzuri bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono kupokea kikaratasi kama alivyozoea.

Aliujua mwandiko kabla hajamjua mtu. Ule mviringo. Ule mwegemeo wa kulia. Maneno mawili tu, Scolastika Katoro, yaliyoandikwa vizuri sana katikati ya karatasi.

Akainua macho. Hapakuwa na hereni. Palikuwa na mwanamke wa rika lake, mwembamba, sketi ya buluu iliyopauka, shingo ndefu ambayo Paskalia, hata katika hali ile, aliiona na ikamuuma. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa na sugu ya kalamu na wino ulioingia hautoki tena. Hakuwa mrembo wa kugeuza watu shingo, lakini hakuwa mbaya pia, na Paskalia alikuwa ameomba sana awe mbaya.

"Nimeambiwa mtu akinitafuta, hapa ndipo ninapotafutwa," mgeni alisema. "Nami nimekuja nijitafute, Mama Mageni."

Kuitwa Mama Mageni na mdomo ule kulimpiga Paskalia kifuani. Mageni alikuwa binti yake wa kwanza, na barua zote zilianza hivyo: Kwako Mama Mageni. Angeweza kusema laini imekatika. Laini ilikatika mara kumi kwa siku, nani angebisha? Lakini mwanamke alikuwa ameshazunguka meza na kusimama nyuma ya bega lake, kama mteja mwingine yeyote, kuona kwa macho yake. Paskalia akapiga Mwanza. Siku hiyo laini ikashika mara moja, kwa jeuri.

Tochi akafunguka, na orodha yake pembeni. Scolastika Katoro, juu ya wote. Hakuna aliyehitaji kuonyesha kwa kidole. Paskalia alisikia pumzi ya mwenzake ikisimama, kisha ikaendelea. Akaandika jina, na watawa wakaja.

"Inasema nini?" aliuliza Scolastika.

"Masista," Paskalia alisema. "Nyumba za masista. Za mbali."

"Na mimi?"

"Haikujui."

"Basi kama yenyewe hainijui, watu wa Katoro wamejulia wapi?"

Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, amesimama vilevile nyuma ya kiti, hivi kwamba Paskalia aliyasikia yote huku akitazama kioo. Alikuwa na meza pale sokoni Katoro, chini ya turubai, yenye kalamu, bahasha na stempu. Mume wake alifukiwa na kifusi miaka mitano iliyopita, na alichobaki nacho ni mwandiko wake. Wachimbaji walikuja mmoja mmoja kumwandikisha barua za kwao. Walimwambia mambo ambayo hata padri hakuyasikia, wakaja kwa sababu akinyanyuka pale mezani ameyaacha mezani. Mwezi wa sita muuza mitumba mmoja aitwaye Sikujua, aliyekuwa akizunguka na marobota kati ya Shinyanga na Geita, alifika na habari. Kwa mke wa Maduhu, yule anayeuliza mashine, jina la Scolastika wa Katoro liko juu kabisa, linaulizwa kuliko magonjwa. Sikujua alikuwa amelisoma mwenyewe akisubiri bei ya mitumba. Watu wakamaliza hesabu wao wenyewe. Mwandishi wa barua aliyelala na mteja wake, nani atampelekea siri tena? Wake wa wachimbaji walioko Katoro wakaanza kupita mbele ya meza wakitema mate. Tangu mwezi wa saba alikuwa ameandika barua nne.

Paskalia hakugeuka. Aibu ilikuwa imempanda hadi masikioni, lakini chini ya aibu, nisiwadanganye, wivu ulikuwa bado umekaa palepale, na ndio uliofungua mdomo wake.

"Kwa nini haandiki mwenyewe?" alisema. "Maduhu ana darasa la saba. Kwa nini akuandikishe wewe?"

"Hilo mwulize yeye."

Lakini hakuwa na haja ya kumwuliza mtu. Swali lilipotoka mdomoni alikumbuka, akatamani kulimeza. Barua ya kwanza kabisa ya Maduhu kutoka Katoro aliiandika kwa mkono wake. Herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, mistari inashuka kama inateleza mlimani. Paskalia aliipokea akiwa barazani na wapiga taipu wenzake wawili, akaisoma kwa sauti, akiigiza, wakacheka hadi wakafuta machozi. Na hakuishia hapo. Akaichapa upya vizuri, kwa mzaha, akamtumia mumewe nakala ili aone barua inavyotakiwa kuwa. Alidhani watacheka wote wawili. Maduhu hakuitaja kamwe. Ilipita miezi minne bila neno, na iliyofuata ikaja na ule mwandiko wa mviringo.

Mbele, Umesh alikuwa akimhesabia mtu bahasha. Paskalia aligeuka sasa, akamtazama Scolastika usoni, na jambo ambalo hasa alitaka kulijua likatoka, lile ambalo miezi yote hakuthubutu kuliandika kwenye kisanduku.

"Nieleze moja tu," alisema. "Yale ya taipu. Kwamba anaisikia kama mvua juu ya bati. Ni maneno yake au ni yako?"

Scolastika alimtazama. Paskalia aliona kwamba analikumbuka, kwamba jibu liko pale, karibu kabisa, nyuma ya meno.

"Hilo ni la mteja," alisema.

Akachukua kikaratasi chake kutoka mezani, hakukiacha kitundikwe msumarini. Akamwomba jambo moja: jina lake liondolewe pale pembeni, kwa sababu lake halikuwa swali la mtu. Kisha akaaga kwa adabu zote, akasema basi la Kahama halingoji, akatoka.

Paskalia alikaa na mikono juu ya meza. Alijua jibu lile lilikuwa na uzito gani, kwa maana yeye angejibu vilevile. Mke wa mwalimu angekuja kumwuliza habari za uvimbe angemjibu vilevile, neno kwa neno, na angelala vizuri. Ndiyo maana ilimchoma. Mwanamke yule alikuwa ameifanya mbele yake kazi ile ambayo yeye Paskalia alijisifu nayo, na kuifanya vizuri kuliko yeye.

Akamwita Umesh, akamwambia aweke Mweupe, leo, sasa hivi, na afute kila kilichomo kwenye ile orodha. Umesh akabonyeza huku na huku, orodha ikaanza kwenda, magonjwa, meli, bei, mpaka jina la juu nalo likatoka. Paskalia akauliza kama ndiyo limekwisha.

"Hapa limekwisha," alisema Umesh. "Kule kwao siwezi kufuta, dada. Kule limebaki."

Jioni ile hakukuwa na kikaratasi cha kutia moto. Alisimama uani karibu na debe kwa mazoea tu, kisha akaenda nyumbani.

Kilichofuata alikifanya bila kushauriana na mtu. Sikujua alipopita na robota lake wiki ile, Paskalia alimkalisha dukani mbele ya watu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba jina lile aliliingiza yeye mwenyewe, kwa wivu wake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu wala kuona kitu, na kwamba huyo mama wa Katoro hajamkosea. Ilikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni. Sikujua alisikiliza kwa furaha kubwa na akaondoka ana haraka ya kufika. Kama Katoro waliamini au hawakuamini, ni jambo lao. Mwalimu wa uvimbe alirudi mwezi wa kumi, akasimama begani, akatazama ule weupe mtupu pande zote kabla ya kutoa kikaratasi mfukoni.

Mwezi huohuo wa kumi barua ilifika kwa mkono wa kondakta. Paskalia aliiona bahasha akajua. Herufi kubwa na ndogo, mstari unashuka. Aliingia nayo chumba cha ndani, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kazi.

"Mama Mageni. Mama Scolastika amekataa kuniandikia tena amesema niandike mwenyewe. Naandika mwenyewe. Mimi mzima. Duara limeingia maji. Krismasi nakuja. Usiwasomee watu."

Hakuwasomea. Aliisoma peke yake mara ya kwanza, akilia, na mara ya pili akilitafuta lile neno la mvua, au lolote la kufanana nalo, mstari kwa mstari, hadi chini. Hapakuwa na salamu ya mwandishi. Akageuza karatasi akatazama nyuma. Kisha akaikunja mara mbili, kama alivyokunja majibu ya wateja, akaitia ndani ya nguo yake. Na katika miaka yote miwili hakuwahi kumwonea Scolastika wivu kama alivyomwonea pale, kwa maana yule, huko aliko, alijua neno la mvua lilikuwa la nani.